Siku Moja ya Mwanzo wa Vuli: Mwongozo Kamili wa Kutazama Kereng'ende, Vipepeo na Ndege

Vuli ninayoisema hapa si msimu wa mvua wa Oktoba hadi Desemba. Ni yale majira ya kupukutika majani katika nchi zenye misimu minne, ambayo kaskazini mwa dunia huingia Septemba na kusini huingia Machi. Nimefuata kalenda ya kaskazini. Aliye kusini asogeze miezi sita.

Wengi hudhani wakati mzuri wa kutazama viumbe hawa ni katikati ya kiangazi. Mimi nazipenda zaidi wiki tatu nne hizi za mwanzo wa vuli, kwa sababu ndizo zinazowakutanisha wote pahali pamoja wakiwa na haraka. Ndege wahamao wanajijaza mafuta ya safari. Vipepeo wanafyonza sukari ya mwisho ya mwaka. Kereng'ende wanapandana na kutaga kabla baridi haijawakuta. Mnyama mwenye shughuli hana muda wa kukuogopa, kwa hiyo utamkaribia kuliko wakati mwingine wowote.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja: joto ndilo linalopanga ratiba. Ndege hutengeneza joto lake mwenyewe, hivyo anaweza kuanza kazi kabla jua halijatoka. Kipepeo na kereng'ende hulipata joto kwa jua, na asubuhi ya vuli jua huchelewa kuwapa. Ndiyo maana mtu akifika ziwani saa saba mchana kuwatafuta ndege, au alfajiri kuwatafuta kereng'ende angani, atarudi akisema mahali pale hapana kitu. Mahali pana kila kitu, ila saa ndiyo haikuwa yake.

Hatua ya 1: Chagua siku

Soma utabiri wa siku tatu, usiishie kwenye ule wa kesho tu. Unatafuta mchana wenye jua na upepo mwepesi, uliotanguliwa na usiku wa baridi wenye anga safi. Mpango wa kuhesabu vipepeo wa Uingereza, ulioanza mwaka 1976, una kipimo kinachomfaa hata anayetazama kwa raha zake. Joto likiwa chini ya nyuzi 13 za sentigredi, usihangaike na vipepeo. Kati ya 13 na 17, jua lazima liwe linawaka. Likipita 17 wataruka hata kukiwa na mawingu, ilimradi hakuna mvua wala upepo wa kutikisa matawi.

Baridi ya usiku nayo ina habari ndani yake. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kazi ya kustaajabisha: walibandika visambaza mawimbi ya redio vyenye uzito wa takriban gramu 0.3 juu ya kereng'ende 14 wa aina ya Anax junius, kisha wakawafuata kwa gari na kwa eropleni ndogo. Kereng'ende wale walisafiri mchana tu, na waliondoka baada ya usiku mmoja kufuatiwa na mwingine wenye baridi zaidi. Baridi inayozidi usiku kwa usiku ni dalili kwamba upepo wa kaskazini umeingia, na upepo huo utawasukuma wanakokwenda. Ndege wahamao nao huungoja upepo wa kuwasukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo ukiona utabiri unasema mvua imepita, upepo umegeuka na usiku utakuwa mkali, andaa viatu.

Ukungu wa alfajiri usikuvunje moyo. Mara nyingi ni ishara kwamba usiku ulikuwa shwari na anga tupu, na ukishayeyuka mchana huwa mzuri.

Hatua ya 2: Chagua mahali padogo

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutembea sana. Chukua eneo la kutosha mwendo wa nusu saa, kisha ulizunguke mara tatu nne kutwa nzima. Liwe na maji yaliyotulia, kama bwawa, ukingo wa ziwa au mfereji wa pole pole. Liwe na matete upande mmoja, na upande mwingine ukuta wa miti au vichaka unaokinga upepo na kutazama jua. Kati yake pawe na uwazi wenye nyasi na maua. Sehemu iliyokingwa ikipigwa na jua huwa na joto zaidi ya uwanja ulio wazi, na katika vuli tofauti hiyo ndogo hukusanya wadudu wote wa jirani.

Kagua pia vitu ambavyo mpita njia havioni: nguzo kavu, reli ya daraja la mbao, jiwe jeupe, kijiti kinachochomoza majini. Hivyo ni viti vya kereng'ende. Na kama kuna ivi, ule mmea mtambazi wa majani mazito unaopanda kuta na mashina ya miti, umepata hazina. Ivi huchanua wakati maua mengine yanakwisha, kuanzia Septemba, na kichaka kimoja kilichopigwa na jua hukusanya vipepeo, nyuki, nyigu na nzi wa kila namna.

Hatua ya 3: Vifaa

Si vingi. Darubini ya macho mawili yenye alama 8x42 inatosha: inakuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42, hivyo inaona vizuri hata alfajiri. Jambo ambalo wauzaji husahau kulitaja ni umbali wa karibu kabisa ambao darubini inaweza kuonyesha picha safi. Kwa ndege si kitu. Kwa wadudu ndio mpango mzima. Tafuta iwezayo kutazama kitu kilicho mita 2 au chini ya hapo. Ukimwona kipepeo kwa darubini ya namna hiyo, hutamwona tena kwa jicho lile la zamani.

Ongeza daftari, penseli, maji ya kunywa na nguo za kuvaa tabaka tabaka, kwa maana asubuhi utatetemeka na mchana utatoa jasho. Suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi hukukinga na kupe. Wavu sikushauri. Mwenye kuanza hujifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kushika, na bawa la kereng'ende likipinda halirudi.

Hatua ya 4: Alfajiri, anza na ndege na umande

Fika kabla ya jua. Simama dakika kumi bila kutembea, usikilize. Ndege wengi wamenyamaza katika vuli kwa kuwa msimu wa kuzaa umekwisha, na kwa hiyo sauti chache zilizobaki husikika wazi. Katika Ulaya, kifua-chekundu, Erithacus rubecula, anaendelea kuimba, na si dume peke yake: jike naye hulinda eneo lake la majira ya baridi kwa wimbo. Wimbo wa vuli ni mwororo na wa huzuni kuliko ule wa masika. Usikilize mara mbili tatu, utautambua daima.

Jua likigusa vilele vya miti, tazama upande linakoanzia kupiga. Wadudu huamka hapo kwanza, na ndege wadogo walao wadudu huwafuata. Mara nyingi huja kwa makundi ya mchanganyiko: dakika ishirini kichaka kiko kimya, halafu ghafla kina ndege kumi na tano, halafu kimya tena. Kundi likifika usilifukuzie. Kaa, litakupita lenyewe.

Vuli ina mtihani wake: ndege wengi ni vijana, na rangi zao hazifanani na picha za vitabuni. Tafuta umbo kabla ya rangi. Mbayuwayu kijana ana mkia mfupi usio na nyuzi ndefu kama za mzazi. Bata dume wa kichwa cha kijani, Anas platyrhynchos, bado anaweza kuwa amevaa manyoya ya hudhurungi yanayomfanya afanane na jike. Mtazame mdomo, maana wa dume hubaki wa manjano iliyochanganyika na kijani, na wa jike una rangi ya chungwa yenye mabaka meusi. Kuna pia ndege wawili wadogo wa rangi ya majani makavu wanaosumbua kila mtu, Phylloscopus collybita na Phylloscopus trochilus. Wa kwanza ana miguu myeusi na mabawa mafupi. Wa pili kwa kawaida ana miguu myepesi na mabawa marefu zaidi, na urefu huo una sababu: yeye huvuka Sahara, ilhali wengi wa aina ile ya kwanza huishia karibu na Bahari ya Mediterania au Afrika Magharibi. Ukimtazama bawa, unaisoma safari yake.

Kabla hujaondoka kwenye nyasi, chuchumaa. Kereng'ende waliolala usiku wananing'inia kwenye mabua, wamefunikwa umande, hawawezi kuruka hata ukiwa sentimita thelathini. Hii ndiyo nafasi pekee ya siku ya kumtazama kereng'ende bila yeye kukukimbia. Hesabu mishipa ya bawa ukipenda. Usimguse wala usimpangusie umande. Kijasho hicho cha usiku jua litakikausha.

Hatua ya 5: Saa tatu hadi saa tano, vipepeo

Kipepeo hawezi kuruka vizuri mpaka misuli ya kifua ipate moto. Kwa hiyo asubuhi hukaa juu ya jiwe, ukuta au jani, amekunjua mabawa wazi kuelekea jua. Hapo ndipo umkaribie. Nenda taratibu, ukiwa umeinama, na angalia kivuli chako kiko wapi. Kivuli kikimpita tu, amekwenda. Ukiwa na jua usoni au ubavuni utafaulu kuliko ukiwa nalo mgongoni.

Mtazame pande zote mbili. Juu ya bawa na chini yake huwa kama viumbe viwili tofauti, na mara nyingi jibu la jina liko chini. Aglais io, mwenye macho manne makubwa kama ya mkia wa tausi, akifunga mabawa huwa mweusi kama gome lililoungua. Polygonia c-album ana kingo zilizoraruka na herufi C nyeupe upande wa chini. Gonepteryx rhamni wa manjano akifunga huwa jani hasa, na mishipa yake yote. Hawa watatu hulala majira ya baridi wakiwa vipepeo kamili, si mayai wala viwavi, na kazi yao ya vuli ni kunywa. Gonepteryx anaweza kuishi karibu mwaka mzima, umri mkubwa mno kwa kipepeo.

Kama kuna matunda yaliyoanguka na kuanza kuchacha, ketia karibu. Vanessa atalanta, mweusi mwenye mkanda mwekundu, huyapenda sana, na akishakunywa huwa mtulivu kiasi cha kukuruhusu umkaribie mpaka uuone mrija wake ukipapasa. Ila angalia nyigu kwanza, nao wamo kwenye karamu hiyo.

Amerika ya Kaskazini mgeni wa heshima wa wiki hizi ni Danaus plexippus, wa rangi ya chungwa na mistari myeusi. Kizazi cha kiangazi huishi wiki chache; kizazi cha vuli huishi hadi miezi minane, na wale wa mashariki husafiri kwenda misitu ya milimani katikati ya Meksiko, wengine wakitoka umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Ukimwona amefungua mabawa, tazama bawa la nyuma: dume ana doa dogo jeusi juu ya mshipa, jike hana.

Na kuna kipepeo mwingine, Vanessa cardui. Kwa miaka mingi watu waliwaona wakiingia Ulaya masika kwa wingi, wasiwaone wakirudi, hata ikadhaniwa kwamba hufia huko. Baadaye rada zilionyesha kwamba vuli hurudi kusini, ila huruka juu sana, kwa wastani zaidi ya mita 500, mahali ambapo jicho halifiki. Utakayemwona kwenye ua ameshuka kunywa tu. Mpe nafasi anywe.

Hatua ya 6: Saa tano hadi saa tisa, kereng'ende

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine. Weka darubini kifuani, kaa kwenye ukingo wenye jua, na kwa dakika tano usijaribu kutambua jina la yeyote. Tazama mwenendo tu.

Kwanza tenga makundi mawili. Kuna wembamba kama sindano, wenye macho yaliyoachana kama ncha mbili za fimbo, ambao wakitua wengi wao hukunja mabawa mgongoni. Na kuna wanene wenye nguvu, ambao hutua mabawa yakiwa yamenyooshwa pande zote kama ndege ya abiria. Kundi la wembamba lina familia inayotua na mabawa nusu wazi, na mmoja wao, Chalcolestes viridis wa Ulaya, ni wa vuli hasa: jike hutoboa gome la matawi yanayoinamia maji na kutaga ndani yake. Ukiona makovu madogo yaliyojipanga kwenye tawi la namna hiyo, huenda ni kazi yake.

Kisha, miongoni mwa wanene, tenga wanaotua na wasiotua. Wanaotua hukaa kijitini, huruka ghafla, hukamata mdudu, na hurudi kijiti kile kile. Hii ndiyo siri kubwa ya kuwaona karibu: akiruka usimfuate, sogea wewe polepole kuelekea kijiti chake kitupu, usimame. Atarudi. Wasiotua hupita huku na huko kwa saa nzima, na kila mmoja ana njia yake. Jifunze njia hiyo, ujisimamishe mahali anapogeukia, maana kwenye kona hupunguza mwendo na wakati mwingine huganda hewani sekunde moja mbili. Ndiyo sekunde yako.

Kwa kumtambua, andika mambo manne kwa mpangilio huu: macho yanagusana juu ya kichwa au la, rangi ya miguu, alama za ubavu wa kifua, umbo la ile sehemu ndefu ya nyuma ambayo wengi huiita mkia. Rangi ya mwili iwe ya mwisho, kwa sababu hubadilika na umri. Mfano wa kawaida: wekundu wawili wa Ulaya, Sympetrum striolatum na Sympetrum sanguineum, hufanana mpaka utazame miguu. Wa kwanza ana mstari mwembamba wa manjano miguuni, wa pili ana miguu myeusi tii. Watu huhangaikia wekundu wake ilhali jibu liko miguuni. Sympetrum vicinum wa Amerika ya Kaskazini, naye ni wa mwisho mwisho wa mwaka, ana miguu ya manjano au kahawia hafifu.

Wakubwa wa vuli katika Ulaya ni jamii ya Aeshna. Aeshna mixta huwinda kwa makundi kando ya miti, kwa urefu wa kichwa cha mtu na zaidi, wala hagombani sana na wenzake. Aeshna cyanea, mwenye kijani kibichi, hupita peke yake na ana udadisi: atakuja mpaka usoni pako, asimame hewani akutazame. Usimpungie mkono. Hana mwiba, wala hatakuuma usipomshika.

Mchana ukipamba, utaona wawili wameungana. Dume humshika jike shingoni kwa vibanio vya mwisho wa mkia, jike naye hujikunja mbele, wakawa umbo linalofanana na moyo. Baadaye Sympetrum wengi huenda kutaga wakiwa bado wameshikana, wakichovya majini kwa mpigo kama wanaopiga ngoma. Mayai ya vuli hii ndiyo kereng'ende watakaoonekana kiangazi kijacho, baada ya baridi kupita na tunutu, yaani watoto wao, kukua chini ya maji. Jua likifunikwa na wingu, yote haya husimama mara moja. Hesabu sekunde mpaka litoke tena.

Hatua ya 7: Inua kichwa

Kila baada ya robo saa, tazama juu ya maji. Pakiwa na kereng'ende wengi angani, kuna anayewafuata. Katika Ulaya na Asia ni kozi mwembamba, Falco subbuteo, mwenye mabawa kama mundu, sharubu nyeusi kwenye shavu jeupe na, akiwa mzima, mapaja mekundu. Humkamata kereng'ende kwa mguu, hupeleka mguu mdomoni, na hula akiendelea kuruka. Ukiwa chini yake utaona mabawa yakidondoka polepole kama maganda. Keremkerem nao wakipita kuelekea kusini huwala pia.

Nawaona hawa wote kama msafara mmoja. Kozi huyu huenda kukaa Afrika, kusini mwa Sahara. Na kuna kereng'ende, Pantala flavescens, ambaye kila mwaka kuanzia Oktoba hufika kwa wingi Maldivi, visiwa vyenye maji machache mno yasiyo na chumvi juu ya ardhi. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi huko, alieleza mwaka 2009 kwamba wanatoka upande wa India na kuvuka bahari kwa pepo za msimu kuelekea Afrika Mashariki. Njia na majira hayo karibu yanalingana na safari ya kozi wa Amur, Falco amurensis, ambaye ni mla kereng'ende. Kwa hiyo unapomwona kozi akimfuata kereng'ende juu ya bwawa dogo, jambo hilo hilo huenda linatokea juu ya bahari kuu.

Hatua ya 8: Jioni kwenye matete

Kuanzia saa kumi vivuli hurefuka na wadudu huhamia kwenye mabaka ya mwisho ya jua: ukuta wa magharibi, shina la mti, njia ya mawe. Sympetrum atakaa hata begani kwako kama una nguo nyeupe. Kisha hupotea mmoja mmoja.

Usiondoke. Nenda ukae mbali kidogo na matete, jua likiwa nyuma yako. Mbayuwayu hulala humo kabla ya safari. Hufika wachache wachache, huzunguka juu, huongezeka, na mwanga ukiisha huanguka ndani kwa pamoja kama mtu amemwaga ungo wa mtama. Kozi huwa anajua saa hiyo.

Hatua ya 9: Andika usiku huo huo

Tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, joto, upepo, mawingu, kisha majina na idadi. Usiyemtambua mwandike kwa maelezo, na kama ulipiga picha, iwe ya ubavu na ya juu pia. Mifumo ya mtandaoni kama iNaturalist na eBird hupokea taarifa hizi, na watu wenye ujuzi hukusaidia majina. Andika pia ambao hukuwaona. Rudi baada ya wiki moja, saa zile zile, njia ile ile, ukiwa na orodha ya kwanza mkononi, na uweke alama mbele ya kila aliyekwisha kuondoka.